Medali ya Sajini Luscombe

Medali tatu zilikuwa juu ya jeneza. Jana yake zilikuwa nne.

Sajini Amos Luscombe, askari mstaafu wa majini, alikuwa azikwe saa tisa alasiri, na wabebaji wa jeneza walikwisha alikwa. Iliyotoweka ni medali ya utumishi mrefu na mwenendo mwema.

"Saa yake ya dhahabu iliyo hapo kando haikuguswa," alisema Inspekta Penhale.

"Hata mimi nashangaa," mjane alijibu. "Mwizi gani huyu?"

"Anayejua anachokitaka. Asubuhi hii wameingia nani?"

"Kasisi. Na Wilf Hannaford. Walijiunga jeshini siku moja, yeye na Amos. Alinisihi nikapumzike, akabaki na maiti."

Penhale alikwenda kambini, kilipo kikosi cha Plymouth, akaomba majalada. Luscombe: miaka ishirini na moja, bila doa. Hannaford: miaka ishirini na moja, doa moja. Alikutwa amelala lindoni, Malta, 1909. Medali akanyimwa.

Hannaford alikuwa jikoni kwake, amevaa koti la msibani, anamenya viazi.

"Iko wapi, mzee?"

Alimaliza kiazi alichoshika. Kisha akafunua koti. Medali ilikuwa imebanwa kwenye bitana, upande wa moyo.

"Ulitaka kuiuza?"

"Nani ainunue? Jina la Amos limechorwa ukingoni."

"Basi?"

"Lindo lile lilikuwa lake. Alipata barua kwamba mtoto wao amefariki, akalewa, hata kusimama hawezi. Nami nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka lindo langu. Nikamshikia na lake. Usingizi ukanizidi."

"Hakusema?"

"Alitaka kusema. Nikamkataza. Mkewe ana msiba, halafu yeye aende jela?" Alifuta kisu. "Sijutii. Lakini leo nilitaka nimsindikize nikiwa nimeivaa. Kisha ningemrudishia kaburini."

"Hayo utamwambia mwenyewe mkewe."

Wakaenda. Hannaford alisimama mbele ya jeneza, kofia mkononi, akakiri yote bila kupunguza neno. Mjane alisikiliza hadi mwisho.

"Amos hakuivaa hata siku moja," alisema. "Nikimuuliza, anaondoka chumbani. Nilidhani anaona haya kujisifu."

Penhale alifungua daftari. "Bibi, utamshtaki?"

Mjane alimsogelea Hannaford, akaichomoa medali kwenye bitana, akaibandika kifuani pake, nje ya koti.

"Shika upande wa mbele, Wilf," akasema. "Wewe ndiye utakayetangulia kulibeba jeneza."