Mraba wa Majaribio

Kilichoanza ni harufu ya nazi. Karakana ya mabango ya Bi Lim, pale mjini Chiayi, siku zote ilinuka gundi na plastiki, na nazi haikuwa na safari humo. Jui-ting, mkwewe, aliinusa, akapiga chafya, akaendelea na kazi. Bwana mjuaji yule haulizi, huulizwa.

Alikuwa akikata herufi za stika za kliniki ya meno itakayofunguliwa kesho yake, na mashine ilikuwa ikizitafuna. Kona hazikukutana, vijistari vyembamba vilinyofoka. Bi Lim alishamwambia bila kumung'unya maneno: akiharibu kazi nyingine, urithi wa karakana unakwenda kwa mkwe wa pili.

"Kisu kimechoka," alisema Jui-ting, akafunga kipya. Hali ileile. Akapunguza mgandamizo, akapunguza kasi, akabadilisha hata utepe ambao kisu hupita juu yake. Kila mara alijaribu kwa kukata mraba mdogo, maana mraba ukibanduka safi, mashine iko sawa. Kila mara ulichanika.

Bi Lim aliingia, akatazama juu ya mashine, akasita.

"Pakiti ya kijani iko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Zile bisi za nazi? Nilishushia bia jana."

"Umekula chakula chake?"

"Cha nani, Mama? Cha mashine?"

"Punguza sauti! Hata mtoto wa chekechea anajua: pakiti ya kijani, haifunguliwi, haipitwi na tarehe, ndiyo inayolituliza jini la mashine. Nawe umeila mwezi huu wa saba wa kalenda ya wazee, wafu wanapofunguliwa kuja duniani! Kanunue nyingine, uombe radhi."

Jui-ting alicheka mpaka akashika mbavu. Akaenda dukani, na kwa kejeli tu akarudi na pakiti ya njano, rangi ya taa ya onyo, ambayo hakuna fundi mwenye akili timamu angeiweka juu ya mashine yake. "Rangi ni rangi," alisema, akaibwaga pale.

Mashine ikawaka yenyewe. Jui-ting, ambaye bado alikuwa na tabasamu lake la kipumbavu, alichomoa kisu akakishika mkononi, akidhani amemaliza ubishi, lakini kichwa cha mashine kikaendelea kwenda na kurudi bila kisu, kikichora mraba mmoja juu ya stika isiyopata hata mkwaruzo, kwa sauti ya meno yanayosaga kitu kikavu, na harufu ya nazi ikawa nzito, na chini ya fulana yake kitu kikamchoma kidogo tumboni, upande mmoja, kisha wa pili, wa tatu, wa nne.

"Mama," alinong'ona. "Mama, njoo."

Bi Lim alikuja na pakiti ya kijani na ubani. Mjuaji alipiga magoti. "Nimekosa," alisema, "sitarudia." Ubani ulipoungua wote, mashine ilinyamaza. Akarudisha kisu, akajaribu, na herufi za kliniki zikatoka safi, kona kwa kona. Karakana ilikuwa yake bado.

Unadhani alishukuru? Hofu ilimtoka kabla hata moshi haujaisha.

"Unaona? Kilikuwa kisu tu, hakikukaa vizuri," alisema, akijikuna tumbo. "Nyinyi wazee na bisi zenu!"

Bi Lim alikuwa akitazama ule mkono unaokuna.

"Pandisha fulana," alisema.

Akaipandisha. Kando ya kitovu palikuwa na mraba mdogo, mistari yake imenyooka, bila tone la damu. Ulikuwa umekatwa vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Kona moja ilikuwa imeinuka, tayari kubanduliwa.

"Usiiguse," Bi Lim alinong'ona. "Baba, nakusihi, usiiguse."

Nyuma yao, mashine ikawaka.