Anayekaa Humo

Mama alishona sare za shule katika chumba cha nyuma. Baba alishona viatu barazani. Siku nzima walitupiana maneno kupitia mlangoni. Mama alimwita Baba "Soli", kwa sababu hata wakati wa kula alizungumzia soli.

Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa na ufa. Siku moja maofisa wa majengo walikuja, wakaupima, wakabandika tangazo mlangoni na kwenda zao. Lilikuwa la Kiingereza. Juu, kwa herufi kubwa, liliandikwa: OCCUPANT.

Baba alisema hicho ni cheo cha mwenye nyumba.

"Au ni wewe," Mama akamtania. "Soli, tangu lini ukaandikiwa Kiingereza?"

Walicheka. Mama hakupenda kupekua mambo ya watu. Alilibandua tangazo polepole lisichanike, akalikunja, akaliweka chini ya kitambaa cha meza, amngojee mwenye nyumba. Mvua ikatangulia kufika. Ukuta ulimwangukia Mama akiwa kwenye cherehani.

Baada ya mazishi, jirani yetu, karani mstaafu, alikuja kukaa nasi. Baba alimpa lile tangazo, akamwomba amfikishie mwenye nyumba. Jirani alilisoma, kisha akalisoma tena.

"Ndugu yangu, hili lilikuwa lenu."

"Letu? Sisi ni wapangaji tu."

"Neno hili maana yake ni mtu anayekaa humo. Awe mwenye nyumba, awe amepanga, awe amepewa chumba bure. Anayekaa humo, ndiye."

"Linasemaje?"

Jirani alitazama chini. "Linasema mtoke chumba cha nyuma. Ukuta utaanguka."

Baba alilichukua, akalikunja palepale lilipokunjwa na Mama.

"Alilitunza vizuri," alisema.

Siku hizi Baba hakubali tangazo libanduliwe kabla ya kusomwa kwa sauti, kwa lugha tunayoielewa sote. Mvua zilizopita, lilibandikwa moja kwa fundi redio. Baba aliacha kiatu nusu, akamfuata karani. Jioni ile ile fundi aliwahamisha wanawe. Ukuta ulipoanguka, uliangukia kitanda kitupu.

Fundi alikuja kushukuru. "Soli, umeniokolea watoto."

Baba alifurahi kwa ajili ya watoto. Ila alimwomba asimwite tena kwa jina hilo. Kisha akainamia kiatu chake.