Zipu za Bosi Kalamu

Kila nikitoka shule huvua viatu mlangoni, hula kilichobaki, kisha humsaidia shangazi kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye sketi. Shangazi ni fundi cherehani. Safari hii alikuwa na oda ya sketi arobaini za shule, na bei alikwishapatana na wazazi. Kumi zilikuwa tayari. Thelathini zilingoja zipu.

Akanituma kuzinunua kwa Bosi Kalamu, mwenye duka la vifaa vya kushonea. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu ya kalamu tatu alizochomeka mfukoni, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiandika neno la maana.

"Bei imepanda mara mbili," alisema bila kuniangalia. "Tangu Jumatatu zipu za nje zina ushuru mpya. Shangazi yako hasikilizi redio?"

"Anasikiliza, mjomba."

"Basi amwombe mtangazaji zipu."

Akashusha boksi lililojaa vumbi. Ubavuni mwa boksi palikuwa na mchoro wa paka wa sikio moja. Nilimchora mimi likizo iliyopita, kwa kalamu yake mwenyewe.

"Mjomba, boksi hili liko hapa tangu likizo. Ushuru wa Jumatatu umelifuata humu ndani?"

Wateja wakacheka. Bosi Kalamu akapangusapangusa paka kwa kiganja, kana kwamba wino ungemwonea aibu ufutike.

Kwa bei ile shangazi angeshona bure. Nikarudi mikono mitupu, na wazo kichwani.

"Shangazi, nasi tupandishe bei. Hata zile kumi zenye zipu za zamani. Nani atajua?"

Shangazi akasimamisha cherehani. "Umemcheka Kalamu, halafu unataka kuwa mwanawe?"

Nikachukua mkasi, nikaendelea kukata nyuzi.

Badala ya zipu tulinunua vifungo kwenye karakana inayovitengeneza nyuma ya soko. Mafundi wa huko nao walikuwa wamepandisha bei kidogo, kwa kuwa watu wamezikimbia zipu. Jioni tatu nilishona vifungo hadi vidole vikauma. Ijumaa wazazi walichukua sketi zote kwa bei ileile.

Wiki iliyofuata Bosi Kalamu alituma salamu kwamba bei inazungumzika.

"Mwambie zipu zake ajifungie mdomo," alisema shangazi. Kisha akanigeukia. "Sikiliza, mwanangu. Ushuru hulipwa na mwenye mzigo mpakani, halafu mwishowe unatoka mfukoni mwetu sisi wanunuzi. Huo tutaulipa, hatuna ujanja. Lakini anayeuza mzigo wa zamani kwa kisingizio cha ushuru mpya ni mwizi tu, ila yeye huiba akiwa amekaa kitini."