Bunduki ya Kupiga Kona

Saa kumi na moja jioni mke wangu Lisbeth alinikabidhi kadi ya mgawo na mfuko wa kitambaa, akanituma mkate. Ilikuwa Machi, mwaka wa mwisho wa vita. Mkate wenyewe ulikuwa nusu unga, nusu vumbi la mbao, lakini ukichelewa hata huo huupati. Niliuning'iniza mfuko kwenye mkanda, nikatoka. Kutoka kwangu hadi kwa mwoka mikate ni hatua mia mbili.

Sikufika.

"Wee Prütz! Njoo hapa!"

Alikuwa Wichert, kiongozi wa chama katika mji wetu wa Werlow. Kabla chama hakijamwokota alikuwa akiuza vifungo na uzi, na hata hiyo kazi ilimshinda. Sasa alivaa koti la kahawia na buti zinazong'aa, wakati sisi wengine tulifunga viatu kwa kamba. Wiki iliyotangulia alimtundika mkuu wa stesheni kwenye nguzo ya taa kwa kusema vita imekwisha. Kila mtu alijua vita imekwisha. Mkuu wa stesheni alikosea kidogo tu, alisema kwa sauti.

Wichert alisimama mlangoni pa ofisi ya mji, kifua mbele. Kando yake alikuwa Otto Radloff, fundi bomba, rafiki yangu tangu utoto, mtu wa miaka sitini mwenye pumu. Chini kulikuwa na masanduku manne.

"Silaha za mgambo wetu wa kulinda mji zimefika," Wichert alisema, kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Mimi ni fundi saa. Miaka thelathini na tano nimekuwa nikishika vitu vya watu, na nikikishika kitu hunijia picha ya aliyekitengeneza. Hivi vilitengenezwa na watu waliokwisha kukata tamaa. Kulikuwa na mabomu ya mkono ya saruji. Ndiyo, saruji! Makubwa kama makopo ya kabichi ya siki, na mazito hivyo hivyo. Kulikuwa na bunduki ambazo ubao wake haukupigwa randa. Ukiweka shavu, unaondoka na vibanzi. Kulikuwa na bomba la kurusha moto mara moja tu, kisha unalitupa, kama bado una mikono ya kutupia. Na sare zetu? Vitambaa vya kufunga mkononi. Vilikuwa viwili, na sisi watatu.

Radloff aligeuza bomu moja la saruji, akalipima kwa mkono. "Kiongozi, adui akija na kifaru tumpige na tofali? Mimi nyumbani nina matofali mazuri kuliko haya."

"Sema tena, Radloff. Sema tena uone. Nguzo za taa bado zipo."

Radloff akaliweka chini taratibu.

Kwenye sanduku la nne alikuwa ameketi mtu. Koplo, mwembamba, jicho la kulia limefungwa bendeji. Wanajeshi wote niliowajua walinuka tumbaku na jasho. Huyu alinuka... sijui niseme nini. Kama kisima kilichofunikwa miaka mingi, halafu mtu akakifunua. Aliinuka bila kuambiwa, akafungua sanduku.

Ndani mlikuwa na bunduki moja. Mtutu wake ulikuwa umepinda.

Si kupinda kwa ajali. Ulipindwa makusudi, kama mdomo wa birika, na juu yake pamefungwa kioo kidogo. Wichert alitueleza kwa furaha. Unakaa nyuma ya ukuta, unautoa mdomo wa bunduki nje ya kona, unatazama kiooni, unauona mtaa wa upande wa pili, unapiga. Wewe huonekani hata pua.

"Akili ya Kijerumani hiyo!" akasema, na machozi yakamlenga.

Moyoni nilisema, taifa likifika mahali pa kupinda bunduki ili lisionekane, basi.

"Wewe Prütz una macho ya fundi. Utaishika wewe," akasema, akaingia ndani kutafuta risasi.

Koplo akasogea karibu yangu. Akanong'ona.

"Walioishika kabla yangu walikuwa saba."

"Waliokufa vitani?"

"Hatukuwa tumefika vitani."

Nilitazama bendeji yake. "Na hilo jicho? Risasi?"

"Hapana." Aliigusa bendeji. "Nililitoa mwenyewe. Lilikuwa halitaki kuacha kutazama."

Akainamisha kichwa kuniaga, akaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya msituni. Barabara yetu ni ya mawe, na buti za jeshi zina misumari. Sikusikia kitu. Radloff naye hakusikia.

Wichert aliporudi hakuuliza koplo kaenda wapi. Alitupeleka kwenye kona ya kanisa tuijaribu bunduki yake. Pale kanisa, shule na duka la mikate vimeshikana, jengo moja kubwa lenye kona nne, na mtaa unalizunguka lote. Hapakuwa na watu. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka mtoni, na mwanga wa jioni ulikuwa wa kijivu, lakini ulitosha.

Nikauegemea ukuta. Nikatoa mtutu nje ya kona. Nikaweka jicho kwenye kioo.

Kulikuwa na mtu.

Alikuwa mbali, kwenye kona inayofuata, amenipa mgongo. Ameinama kidogo, ameshika kitu, anachungulia.

Nikaondoa jicho, nikatoa kichwa changu mwenyewe nje ya ukuta. Mtaa ulikuwa mtupu. Mawe tu na ukungu. Nikarudi kwenye kioo.

Yupo.

"Unaona nini?" Wichert akauliza.

"Mtu... amenipa mgongo."

"Jasusi! Piga!"

Nikamtazama vizuri. Koti kuukuu. Begani, upande wa kushoto, kiraka cha kijivu kilichoshonwa kwa uzi wa bluu. Kiunoni mfuko wa kitambaa unaning'inia, mtupu. Kiraka kile alikishona Lisbeth majira ya baridi, kwa uzi wa bluu, kwa sababu hatukuwa na mwingine.

Nikainua mguu wangu wa kushoto.

Yule naye akainua.

Hapo nikasikia kwenye kisogo changu, palepale penye nywele fupi, kama mtu amenielekezea kitu. Nikageuka haraka. Nyuma yetu mtaa ulikuwa mtupu mpaka kona ya shule.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi? Mwoga wewe!" Wichert akachomoa bastola, akaniwekea kifuani. "Nihesabu mpaka tatu?"

"Nitundike ukitaka, Kiongozi. Sipigi."

"Alwin," Radloff akaninong'oneza, pumzi ikimkwama, "kuna nini huko?"

Nilifunika kisogo changu kwa kiganja.

Wichert alirudisha bastola kwa hasira, akaninyang'anya bunduki. "Nitakushughulikia nikimaliza. Simameni pembeni muone mwanamume anavyofanya kazi."

Akaegemea ukuta. Akachungulia. Tabasamu likamjaa usoni.

"Namwona! Kumbe amesogea karibu. Hee, mtazameni mshenzi huyu, amevaa koti la kahawia, ameiba sare ya chama! Mnene kama nguruwe wa Krismasi. Tazama shingo hiyo ilivyomwagikia kwenye kola. Na miguu inamtetemeka. Watu gani hawa wanaotumwa kupigana nasi?"

Alikuwa akicheka.

Mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Naapa, nilijua, kama ninavyojua saa mbovu kwa kuisikiliza. Neno moja lilitosha. Usipige. Lilifika mpaka kwenye meno, nikalishikilia pale. Nilimtazama yule muuza vifungo, buti zake, shingo yake...

Nikafunga mdomo.

Akafyatua.

Mlio ulikuwa mdogo, kama kikohozi. Kisha tukaisikia risasi. Watu hunibishia hapa, husema risasi haisikiki ikienda. Hii tuliisikia. Ilikwenda ikilia kwa sauti nyembamba mpaka mwisho wa mtaa, kisha sauti ikapinda. Ikapita nyuma ya duka la mikate. Vioo vya madirisha vikatetemeka, kimoja kimoja, dirisha hadi dirisha. Ikapinda tena, upande wa shule.

"Nini hiyo?" Wichert akauliza, jicho bado kiooni. "Mbona amebaki amesi..."

Ikapinda mara ya tatu. Sasa ilikuwa inatoka nyuma yetu.

Radloff alinivuta tukaanguka chini.

Wichert hakupiga kelele. Alilaza paji la uso kwenye ukuta wa kanisa, kama mtu anayesali, akateleza mpaka chini. Kisogoni alikuwa na tundu.

Harufu ya kisima ilijaa mtaa mzima.

Risasi ilikuwa imempenya, ikakwama kwenye ukuta. Niliichokoa kwa kisu changu, nikaitazama kwa lenzi ya kazi yangu. Ilikuwa imesagika upande mmoja, imechubuka kama kitu kilichosukumwa kwa nguvu ndani ya bomba lililopinda. Radloff alisema tuseme ni mdunguaji. Tukasema. Hakuna aliyetuuliza mara mbili, na kwenye mazishi walikuja watu wanne, mmoja akiwa mchimba kaburi.

Siku mbili baadaye Warusi waliingia. Hawakupita kwenye kona yoyote. Walikuja moja kwa moja kutoka mashambani, vifaru mbele, na sisi tulikuwa tumekwisha kutundika mashuka meupe madirishani na kurundika zile takataka mbele ya ofisi ya mji. Wanajeshi wao waliyagonganisha mabomu ya saruji wakicheka mpaka wakashika mbavu. Sikuwalaumu.

Mmoja, kijana mwenye madoadoa usoni, aliokota ile bunduki iliyopinda. Aliionyesha kwa wenzake, akaigiza kukojoa nayo. Kisha akaenda kwenye kona ya kanisa, akatoa mtutu, akaweka jicho kwenye kioo.

Kicheko chake kikakatika.

Nikamwona mkono wake ukipanda polepole, ukishika kisogo chake mwenyewe. Ukashuka. Kidole kikarudi kwenye kifyatulio.

"Usipige!" nilipiga kelele. Niliruka kutoka kwenye mstari walikotupanga sisi mateka, nikamkimbilia, mikono juu. "Usipige, mwanangu! Usipige!"

Hakujua neno hata moja la lugha yangu. Mwenzake alinipiga na kitako cha bunduki mdomoni, meno matatu yakatoka. Lakini yule kijana aligeuka kutazama vurugu, na kidole kikaachia. Alinitazama muda mrefu. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa. Akaiweka bunduki chini taratibu, kwa mikono miwili.

Nilidhani wangeivunja. Ofisa mmoja aliipenda, akaitupia kwenye lori pamoja na vitu vingine vya kupeleka kwao. Lori lilipoondoka, wanajeshi walioketi nyuma walikuwa wakipokezana. Kila mmoja alichungulia kiooni zamu yake, na kila aliyechungulia aliacha kuzungumza.

Iko wapi leo, sijui.

Usiku ule, walipokwisha kutuachia, Lisbeth alinikanda mdomo kwa maji ya chumvi. Nilikuwa nimemweleza yote. Alikamua kitambaa, kisha akaniuliza jambo moja.

"Alwin. Yule adui, mtu usiyemjua hata jina, umempigia kelele mpaka ukavunjwa meno. Wichert mlikuwa mmesimama hatua mbili. Kwa nini yeye hukumwambia?"

Nilitema damu kwenye beseni.

"Kwa sababu Wichert nilimjua," nikasema.