Kidumu cha Mrina Asali

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere alifagia ua, akazoa jivu la jikoni kwa bati kuukuu na kulimwaga ng'ambo ya kinjia kinachopanda kilimani, kwenye nyasi. Jina hilo alipewa na bibi yake, na hakuna aliyebisha. Msichana huyo hakuwa na jambo lisilomhusu.

Kiangazi hicho alijipa kazi ya upelelezi. Nyasi zilikuwa zimeungua mara mbili mchana kweupe, na mara ya pili banda la kuku la bibi liliponea chupuchupu. Kiherehere alishampata mkosaji: mrina asali, jirani yao mzee asiyependa maneno mengi. Alinuka moshi, mfukoni hakukosa kiberiti, na kila alipopanda kilimani kufuata mizinga yake alibeba kidumu. Kiherehere aliapa kuwa ni mafuta ya taa.

"Pafukapo moshi pana moto, bibi."

"Na penye kiherehere pana nini? Hebu nenda shule!"

Jumamosi, baada ya kumwaga jivu, alimkuta mzee yule analima kandokando ya kinjia. Alikwangua nyasi zote, akaacha udongo mtupu, wala hakupanda kitu. Mtu mzima analima bila mbegu? Kiherehere alishikwa na wasiwasi. Alitoka mbio hadi kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti alikuja na majirani watatu, uso ameukunja. "Mzee, tumechoka na mioto yako. Kuanzia leo hukanyagi kilimani."

"Mizinga yangu yote iko huko," mrina asali alijibu. "Nitachomaje riziki yangu mwenyewe?"

Kabla hajajibiwa, moshi ulifuka kwenye nyasi zile zile. Upepo uliusukuma moto kuelekea kwenye nyumba. Kiherehere alipiga yowe akiwafikiria kuku, na bibi aliyekuwa ndani. Lakini moto ulipofika kwenye ule udongo mtupu, ulikosa cha kula, ukasinzia. Wakubwa waliumalizia kwa kuupiga na matawi mabichi.

Mrina asali akafuata majivu hadi moto ulikoanzia. Hapo palikuwa na kichuguu cha jivu la jikoni. Alilichokonoa kwa kijiti, na ndani kaa jekundu likachungulia. Alipofungua kidumu na kukiinamisha, Kiherehere aliruka nyuma. Kaa likalia chwaa! Yalikuwa maji.

"Jivu la nani hili?" mwenyekiti aliuliza. Majirani wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Kiherehere angeweza kunyamaza. Aliona aibu hadi machozi yakamlengalenga.

"Ni langu. Mimi ndiye ninayelimwaga hapa. Nisamehe, babu, nilikusingizia."

Mwenyekiti alikohoa, akamwomba mzee radhi kabla ya kumgeukia mtoto.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!" alisema.

Mrina asali akacheka kwa mara ya kwanza. "Jivu ni janja, mjukuu wangu. Juu limelala, chini liko macho. Limwagie maji, likoroge, kisha sogeza mgongo wa mkono. Ukisikia joto, mwagia tena. Hata mimi, nikishafukiza nyuki, kienge changu cha majani makavu nakizima hivyo hivyo."

Asubuhi iliyofuata, bibi alimkuta Kiherehere amechuchumaa mbele ya jivu lililolowa chapachapa, mkono ameunyoosha juu yake.

"Sasa unampeleleza nani?"

"Mimi mwenyewe, bibi."

"Ndipo pa kuanzia," bibi alisema. "Kabla hujamtilia mtu shaka, kagua kwanza ulichomwaga wewe."