Boriti ya Mukau Chini ya Pikapu

Nyaga ni seremala wa Gachoka. Hutengeneza vitanda, milango na mizinga ya nyuki. Mti wake ni mmoja tu, mukau. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia, "Mukau hauliwi na mchwa." Atakuambia hata kama hujamuuliza.

Wawira, mke wake na mama wa mtoto wao Kaburu, hupiga msasa na kupaka vanishi. Asubuhi hukamua mbuzi kwanza, halafu anafunga kitambaa kichwani na kuanza kazi. Ikifika saa nne nyusi zake huwa nyeupe kwa vumbi la mbao, na watu hucheka kwamba amezeeka kabla ya chai.

Muhula uliopita walipata kazi kubwa. Mwalimu Nkirote, mkuu wa shule ya bweni ya wasichana huko Mikinduri, aliwaagiza vitanda vya deka, vile vya kulala mmoja juu na mwingine chini. Bweni lilikuwa jipya, lakini ndani hamkuwa na kitu. Wasichana walikuwa wakilala kwenye magodoro yaliyotandikwa chini, na saruji ya Mikinduri ni baridi kama maji ya mto. Wawili walikuwa wameugua kifua.

"Jumatatu shule inafunguliwa," Mwalimu Nkirote aliwaambia kwa simu. "Nisipowaona Jumamosi jioni, nitachukua vitanda vya chuma. Kuna mtu wa Meru mjini ananipigia kila siku. Msinikasirikie."

"Mwalimu, mimi na chuma wapi na wapi!" Nyaga alijibu. "Tutafika."

Vitanda vilikuwa tayari. Shida ilikuwa pikapu yao.

Giaboksi ya pikapu hiyo ilikuwa imekufa. Giaboksi ni lile sanduku zito la gia lililoshikana na injini. Misheck, fundi wa magari hapo Gachoka, alitafuta nyingine kama ile akaikosa. Akapata ya gari la aina nyingine kidogo, yenye gia tano badala ya nne. Ilishikana na injini vizuri. Lakini ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza. Misheck alikuwa ameshapeleka propela Embu ikafupishwa kwa mashine. Propela ni ile nguzo ya chuma inayozunguka na kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma.

Jambo moja lilibaki. Chini ya kila pikapu kuna vyuma viwili virefu, kushoto na kulia, vinavyobeba gari lote. Hivyo ni chesis. Katikati yake kuna chuma kingine kinachokatiza, nacho ndicho kinachobeba mkia wa giaboksi. Mafundi hukiita krosmemba. Sasa giaboksi mpya ilikuwa ndefu, na mguu wake ulipita krosmemba kwa upana wa kiganja. Ulining'inia hewani.

"Lazima krosmemba irudishwe nyuma," Misheck alisema. "Na huko nyuma chesis imepanuka, kwa hivyo krosmemba itakuwa fupi. Inataka kuongezwa chuma pande zote mbili. Ngoja nimfuate welda kule Kiritiri aje achomelee. Usiguse kitu."

Misheck alichelewa. Welda alikuwa matangani. Nyaga alizunguka pikapu mara huku, mara kule. Kisha akaingia chini na futi yake ya useremala.

Alipotoka uso wake ulikuwa unang'aa.

"Mama Kaburu, hii ni kama kizingiti cha mlango tu! Inataka boriti moja, kutoka huku hadi huku."

"Boriti ya nini?"

"Ya mukau."

Wawira aliweka msasa chini. "Baba Kaburu, Misheck alisema usiguse."

"Misheck anajua chuma. Mimi najua mukau. Umewahi kuona mukau ukioza?"

"Sijaona. Wala sijaona mukau ukiendesha gari."

Nyaga alicheka, akachonga. Na lazima tuseme ukweli, boriti ilikuwa nzuri. Ncha zake ziliingia ndani ya chesis sawasawa, kama mkono ndani ya glavu. Akagonga vigingi, akafunga kwa waya, na juu ya waya akazungusha blada, ile mipira ya tyubu za baiskeli ambayo kwetu hufunga kila kitu kuanzia kuku hadi kabati. Aliendesha hadi sokoni na kurudi. Pikapu ilikwenda. Misheck aliporudi na welda akakuta vitanda vimeshapakiwa.

Aliinama akaangalia chini. Akainuka.

"Mzee, kazi hiyo si yangu," alisema. "Ukiulizwa, usitaje jina langu."

Ijumaa asubuhi Nyaga na Wawira waliondoka. Hadi Embu mambo yalikuwa mazuri. Baada ya Embu vikaanza vilima. Pikapu ikawa inatetemeka kila Nyaga alipoachia klachi. Kisha wakasikia harufu.

"Nani anachoma makaa?" Wawira aliuliza.

"Ni watu wa mashamba."

"Mashamba yanatufuata?"

Karibu na Karurumo barabara iliteremka. Nyaga aliweka gia ya tatu ili gari lishuke polepole. Ghafla kifimbo cha gia kiliruka chenyewe. Gari likawa halina gia. Vitanda vililisukuma kutoka nyuma, na pikapu ikaanza kukimbia.

"Ngai! Mungu wangu!" Wawira alilia. "Breki! Breki!"

Nyaga alikanyaga breki kwa nguvu zote, akaelekeza gari kwenye ukingo wa udongo. Kitu kiligonga chini, ko, ko, ko. Pikapu ikaegemea ukingo kwa ubavu, ikasimama. Hakuna aliyeumia. Mbele yao, hatua chache tu, akina mama walikuwa wamekaa wakiuza ndizi. Wote walikuwa wameinuka kwa hofu.

Watu waliwasukuma hadi kwenye gereji ya Fundi Phyllis, pale Karurumo. Phyllis ni mama wa makamo, mrefu, mwenye ovaroli ya bluu. Alilala chini ya gari, akamulika kwa tochi.

"Nani aliweka kitanda huku chini?"

"Si kitanda. Ni boriti," Nyaga alisema kwa sauti ndogo. "Ya mukau. Hauliwi na mchwa."

"Na mchwa gani ameingia chini ya gari, mzee wangu?"

Wawira alitaka kucheka, akakumbuka wale akina mama wa ndizi. Hakucheka.

"Njoo uone," Phyllis alimwambia Nyaga. "Boriti imepita juu ya bomba la moshi. Gari likipanda mlima, bomba hilo linakuwa moto kama jiko. Mti umeungua upande huu, ukapasuka. Giaboksi ikashuka mkia. Ikishuka, gia hazikai mahali pake, zinaruka. Na propela inakwenda upande. Ingekatika, ingechimba barabara na kuwapindua."

"Lakini niliikaza sana."

"Hilo pia ni kosa. Injini inatetemeka kila wakati. Kati ya giaboksi na krosmemba kuna raba nene, inaitwa mauntingi, ya kumeza ule mtetemeko. Wewe ulibana giaboksi kwa vigingi. Mtetemeko ukaanza kula vigingi."

Nyaga alikaa juu ya tairi kuukuu. "Mama, mimi nina vitanda vya watoto. Kesho jioni lazima viwe Mikinduri. Tafuta hata kipande cha chuma, uchomelee hapo hapo, tuende."

"Sitafanya hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mbili. Moto wa kuchomelea ukiwa karibu na tangi na bomba la petroli ni hatari. Na nikichomelea krosmemba kwenye chesis, siku klachi ikiisha giaboksi itatokaje? Mtakata tena na tena mpaka chesis iwe kama chujio. Wewe mlango wako unaupigilia misumari kwenye fremu?"

"Hapana. Naweka bawaba."

"Basi. Na krosmemba inafungwa kwa bolti."

Hapo Nyaga alielewa. Akavua koti. "Niambie nishike wapi."

Kwanza walishusha vitanda vyote, wakavipanga kando. Phyllis aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Akainua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya stendi za chuma. "Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake," alisema. "Jeki ni ya kuinua. Stendi ni ya kushika."

Akaweka jeki nyingine chini ya giaboksi, na kibao kati yake ili vyuma visiumizane. Aliiinua polepole, na Nyaga akaing'oa boriti iliyoungua. Kisha akatoa pima maji, kile kifaa chenye povu dogo ndani ya kioo. Nyaga alishangaa.

"Hiyo ni yetu maseremala!"

"Ni yetu sote. Naangalia mwinamo wa giaboksi hapa, na mwinamo wa difu, lile sanduku kule nyuma kati ya magurudumu, propela inapoingia. Ikiwa mwinamo ni sawa, propela itazunguka bila kutetemeka. Mkia wa giaboksi usikae juu mno, wala chini mno."

Walipopata mahali sawa hawakugusa jeki tena. Phyllis alitaka kipimo cha vile krosmemba itakavyokaa. Nyaga alikata boksi la maziwa, akalichonga kwa kisu hadi likaingia kati ya chesis na chesis bila pengo. Phyllis aliligeuzageuza. "Mkono wako uko sawa, fundi," alisema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita fundi.

Krosmemba ya zamani ilifunguliwa ikawekwa mezani, mbali na gari. Hapo Phyllis alikata chuma kinene kwa kufuata lile boksi, akaongeza kila upande. Alichomelea juu na chini, akaweka na pembe za kutia nguvu. Akaacha ipoe yenyewe. Hakuimwagia maji, maana chuma kikipozwa ghafla, kiungo huweza kupasuka. Nyaga na Wawira walilala Runyenjes kwa shangazi yake Wawira.

Jumamosi asubuhi Phyllis alitoboa matundu mapya kwenye chesis kwa drili. Hakutumia moto, maana moto hudhoofisha chesis. Akaweka mauntingi mpya ya raba, akaingiza bolti nene zenye nati zisizolegea. Alizikaza kidogo tu. Aliposhusha jeki na uzito wa giaboksi ukakaa, ndipo akazikaza kabisa. Akaipitisha upya kebo ya hendibreki, ile breki ya mkono, isiguswe na krosmemba. Akapitisha vidole kati ya krosmemba na bomba la moshi. Vikapita.

"Sasa vitanda," Nyaga alisema.

"Bado. Kwanza gari tupu."

Wakapanda kilima pamoja na kushuka. Gia ya tatu ikakaa. Wakarudi, Phyllis akaingia chini tena na spana. Bolti moja iliingia robo mzunguko. "Ndiyo maana tunarudia," alisema. "Mkishashusha mzigo, mtafute fundi azikaze tena."

Wakapakia. Wawira alimpigia Mwalimu Nkirote.

"Mwalimu, tunatoka Karurumo."

"Sasa? Mtu wa vitanda vya chuma yuko njiani kuja kwangu."

"Mwambie anywe chai kwanza."

Walipita Chuka, wakapanda, wakashuka, wakapanda tena. Nyaga hakukimbia. Jua lilikuwa limeinama walipoingia Mikinduri. Langoni palikuwa na kijana mwenye picha za vitanda vya chuma kwenye simu, akimwonyesha mwalimu. Mwalimu Nkirote aliangalia simu, akaangalia pikapu, akamwambia kijana, "Umechelewa kidogo, mwanangu."

Waliunganisha vitanda Jumapili baada ya ibada. Fundi wa hapo Mikinduri alizikaza bolti upya.

Jumatatu wasichana walikuja na masanduku yao. Walibishana nani alale juu na nani alale chini. Mwalimu Nkirote aliwaacha wabishane. Jioni alipita bwenini kukagua, akazima taa. Sakafuni hapakuwa na godoro hata moja.