Chupa ya Askari wa Damu

Duka la Chabani liko mtaa wa Buyenzi, katikati ya magereji, na lina sheria moja. Huuziwi spea mpaka umwekee mkononi ile iliyoharibika aifananishe mwenyewe. Mafundi wanamwita mkaidi, lakini wanarudi kwake, maana spea ya Chabani haikatai kuingia.

Mwaka huo yaliyomshinda yalikuwa ya nyumbani. Mkewe Adija, mama wa binti yao Dalia, alitokwa na uvimbe shingoni. Hospitali wakasema ni saratani ya tezi za limfu, wakamwanzishia dawa za dripu. Kila akirudi kutoka dripu, Adija alitapika na kukataa chakula. Nywele zikamtoka. Chabani alikuwa akimfunika kitenge, kisha anatoka kwenda uani asionekane akilia.

Ndipo mteja mmoja akamletea habari. Huko mtaa wa Asiatique kuna mtu anauza askari wa damu, dawa mpya ya saratani kutoka Ulaya, ya kunywa asubuhi na jioni. Ukiipata hiyo, dripu basi. Chabani hakungoja kesho, alikwenda akanunua chupa moja. Adija alipoiona ile chupa alimshukuru Mungu, akasema Jumatatu, siku ya dripu, haendi hospitali.

Jioni jirani yao Houda alikuja kumjulia hali. Houda anafanya kazi maabara. Alionyeshwa chupa, akaigeuzageuza. Hakucheka wala hakugomba. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Baba Dalia, huyo mutu alichukua damu ya mama Dalia?"

"Apana. Alinipa tu chupa."

Houda akavuta kigoda. Tiba ya namna hiyo ipo kweli, alisema. Katika damu ya kila mtu mna chembe zinazoulinda mwili, kama askari. Lakini saratani hujificha, askari wakaipita bila kuitambua. Basi wataalamu humtoa mgonjwa damu, wakachagua askari wake, wakawabadilisha maabara ili waitambue saratani ile na kuiua. Wakishawazidisha, kwa kawaida humrudishia mgonjwa yule yule, kwa mshipa. Haiwi dawa ya kunywa. Kazi hiyo huchukua majuma, katika hospitali kubwa za ng'ambo, na mgonjwa huangaliwa kwa karibu, kwa kuwa askari hao wanaweza kumletea homa ya hatari. Tena haifai kila saratani. Mara nyingi hutolewa pale ambapo dawa nyingine zimeshindwa.

"Na za mama Dalia hazijashindwa," akasema. "Uvimbe unapungua, hata kwa macho inaonekana. Akiziacha katikati, unaweza kurudi na nguvu."

Chabani akaitazama chupa. Aliyeiuza hajawahi kumwona Adija, wala tone la damu yake.

"Mi nakatalia watu beringi kama sijaona ya zamani," akasema. "Na we, Adija, nimekununulia hii mu njia."

Adija alimshika mkono. Akakiri kwamba amechoka, na kwamba anaiogopa Jumatatu. Houda akamwambia kutapika nako kuna dawa yake. Amweleze daktari, asinyamaze.

Jumatatu Chabani alifunga duka, wakaenda wote wawili. Adija alieleza kila kitu. Daktari akampa vidonge vya kuzuia kichefuchefu, na jioni hiyo akala wali, kidogo kidogo, huku mumewe akijifanya hamtazami. Aliendelea na dripu mpaka zikaisha. Kipimo cha mwisho hakikuonyesha uvimbe wowote, ingawa daktari amemtaka arudi mara kwa mara aangaliwe.

Siku hizi Adija hukaa dukani asubuhi, nywele zimeanza kujaa chini ya mtandio. Juzi dereva mmoja aliingia mbio, akataka beringi ya tairi la mbele, upesi, gari liko barabarani. Kabla Chabani hajafungua kinywa, Adija alishanyoosha mkono.

"Ile ya zamani iko wapi, kaka?"